Neema Si Mavuno Peke Yake

Ndugu msikilizaji, wiki hii tulitazame neno moja ambalo tunalitamka kila siku bila kulipima. Neno hilo ni neema.

Mkulima wa bonde la Mbwemkuru, kule Nachingwea na Ruangwa, akisema mwaka huu ni wa neema, ana maana kwamba mvua imenyesha vizuri, ufuta umestawi na mikorosho imezaa. Mkristo naye akisema anaishi kwa neema, ana maana nyingine: fadhili ambazo Mungu humpa mtu bila mtu huyo kuzistahili wala kuzilipia. Neno ni moja, maana ni mbili, na mara nyingi tunazichanganya. Hapo ndipo taabu inapoanzia.

Mtu akipata kazi, akajenga, watoto wake wakafaulu, husema Mungu yuko pamoja naye. Siku akiachishwa kazi, au maradhi yakiingia nyumbani, hujiuliza amekosa nini hata Mungu akampa kisogo. Tena wapo wahubiri mijini wanaomzidishia mzigo kwa kumwambia kwamba imani yake ni haba. Basi mwenzetu huyu hupoteza mara mbili: kwanza mshahara, kisha faraja ya kusali.

Watu wa Nachingwea wanazijua ahadi za neema. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa hadi Nachingwea, na Mtwara ikapata bandari yenye kina kirefu. Lakini ardhi na mvua hazikuchunguzwa vya kutosha, na mashine hazikuyamudu mapori. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Katika miaka ya 1960 hata reli yenyewe iling'olewa.

Katika siku zetu pia, msimu wa korosho wa 2018/2019, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilifurahisha, lakini wakulima wengi wa mikoa ya kusini walingoja fedha zao kwa miezi mingi.

Sasa tujiulize. Je, Mungu aliingia Nachingwea pamoja na matrekta mwaka 1947, akaondoka nayo mwaka 1951? Hakuna Mkristo atakayejibu ndiyo. Lakini kila tunapopima uwepo wa Mungu kwa unene wa mfuko, jibu letu ni hilo hilo.

Nabii Habakuki, aliyeishi Yuda wakati majeshi ya Wakaldayo yakitishia nchi, alilikabili jambo hili. Katika sura ya 3 ya kitabu chake anahesabu hasara moja baada ya nyingine: miti ya matunda haikuzaa, mashamba hayakutoa chakula, mazizi hayana mifugo. Baada ya hesabu hiyo anasema kwamba hata hivyo atamfurahia Mungu. Angekuwa mtu wa Ruangwa, angezitaja korosho, ufuta na mbuzi. Tuangalie vizuri: nabii hakusema kwamba njaa si kitu, wala hakujifanya kwamba ghala limejaa. Alisema tu kwamba furaha yake haikuwekwa ghalani.

Iliwekwa wapi, basi? Zaburi ya 16 inajibu kwamba furaha iliyo kamili hupatikana mbele za Mungu. Katika Kiebrania, lugha ya Zaburi, kuwa mbele ya mtu ni kuwa mbele ya uso wake. Sisi Waswahili hatupati shida kulielewa hilo. Mgonjwa aliyelazwa hufurahi ndugu yake anapotokea mlangoni, hata kama hakubeba kitu. Dawa ni ile ile, maumivu ni yale yale, lakini hayuko peke yake tena. Kinyume cha kisogo ni uso, na neema ni Mungu kutuelekezea uso wake kabla hatujafanya lolote la kumvutia. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, neno la neema na neno la furaha yana shina moja. Ndiyo maana Mtume Paulo aliweza kuwaandikia Wafilipi barua iliyojaa furaha hali yeye mwenyewe ni mfungwa.

Lakini furaha hii si kunyamazia dhuluma. Mkulima asiyelipwa ana haki ya kudai, na mfanyakazi aliyepunjwa ana haki ya kwenda kunakohusika. Habakuki mwenyewe anaanza kitabu chake kwa malalamiko, akimwuliza Mungu atalia hadi lini bila kusikilizwa. Kulalamika mbele za Mungu nako ni kuwa mbele zake.

Mto Mbwemkuru, ambao abiria wa Dar es Salaam huuvuka wakienda Lindi, hufurika wakati wa masika. Kiangazi maji hupungua mno, na mahali pengine hubaki mchanga mtupu. Mgeni atasema mto umekufa. Mwenyeji huchimba mchangani, akangoja, maji yakajikusanya polepole. Kazi yake ni kuchimba. Maji hakuyatengeneza yeye. Sala ya mtu aliye taabuni ndivyo ilivyo. Haimlazimishi Mungu aje, kwani yupo tayari.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ikiwa wiki hii mfuko wako ni mtupu, usiache kusali ukingoja kwanza mambo yanyooke. Nenda kanisani na shida zako kama zilivyo. Na ikiwa mwaka wako ni wa mavuno, mshukuru Mungu, kisha mtembelee jirani ambaye mwaka wake umekuwa mbaya. Usimwulize amekosa nini. Kaa naye tu, auone uso wa mtu.