Taya la mtoto likilia, usikimbilie kunyoosha meno

Binti wa miaka 14 anapiga miayo, taya linalia “ka!” karibu na sikio. Mama akimchungulia mdomoni anaona meno ya juu yamechomoza kuliko ya chini. Papo hapo anapata jibu: meno yamekaa vibaya, ndiyo maana taya linalia. Kinachofuata ni kupiga hesabu ya gharama za waya wa meno.

Kabla ya kutoa fedha hizo, mzazi ajue kuwa mambo hayo mawili hayahusiani sana kama wengi wanavyodhani.

Imani hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1934, daktari wa masikio, pua na koo nchini Marekani, James Costen, alihusisha maumivu ya taya na masikio na kung’oka kwa magego. Kwa miaka mingi baadaye, wagonjwa walisagwa meno ili yakutane sawasawa. Lakini wapo watu wengi ambao meno yao hayakutani vizuri na hawaumwi, na wapo wenye meno yaliyopangika vizuri ambao taya linawasumbua.

Kiungo cha taya kipo mbele ya sikio. Ndani yake kuna kisahani laini kinachoteleza mdomo unapofunguka. Kikisogea kidogo kutoka mahali pake, hutoa mlio. Mlio usioambatana na maumivu ni wa kawaida na mara nyingi hauhitaji tiba.

Maumivu yakiwepo, huweza kuchangiwa na kuumia taya, kukaza au kusaga meno, msongo wa mawazo au ugonjwa wa viungo. Mara nyingi hupungua kwa kula vyakula laini kama mtori, kuacha kutafuna jojo na kung’ata kucha, na kukanda shavu kwa kitambaa cha uvuguvugu.

Mpeleke mtoto kliniki ya meno iwapo mdomo umekwama, uso umevimba au maumivu hayaishi. Kama yalianza baada ya jino kuzibwa, mrudishe likaguliwe. Huenda kizibo kimezidi kimo.

Waya wa meno una faida zake, lakini usiwekwe kwa sababu tu taya linalia. Na ukiambiwa meno yasagwe, uliza kwanza kuhusu tiba nyingine. Jino likishasagwa, halioti tena.