Almasi ya Ardhini na Almasi ya Maabara

Wengi wasikiapo habari za almasi ya maabara hudhani ni kioo kilichochongwa kwa ustadi ili kimhadae mnunuzi; walakini sivyo, kwa kuwa jiwe hilo ni kaboni iliyojipanga kwa umbo lile lile, lenye ugumu na mng'aro ule ule, hata kile kifaa kidogo cha masonara cha kupima jinsi joto linavyopita katika jiwe hakiwezi kulipambanua na lililochimbwa.

Almasi ya asili, mfano wa zile za Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940 na ambako mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5, lililochongwa likabaki karati 23.6 akatunukiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, huumbika kina cha kilomita 150 na zaidi, ikakaa huko aghalabu zaidi ya miaka bilioni moja, hata volkeno za kale zikaipandisha juu. Maabara haina subira hiyo. Tracy Hall na wenzake wa General Electric, Marekani, walifaulu mwaka 1954 kwa kugandamiza kaboni pamoja na madini yaliyoyeyushwa. Siku hizi iko pia njia ya kujaza methani na haidrojeni katika chumba kilichotolewa hewa, kaboni ikajenga tabaka juu ya tabaka juu ya kipande chembamba cha almasi, na kazi ikatimia kwa majuma machache.

Na hapo ndipo ilipo siri ya kuzipambanua. Almasi nyingi za ardhini zina chembe za naitrojeni ambazo, kwa joto la dahari, zilitangatanga ndani ya jiwe hata zikakutana mbili mbili au nne nne. Katika jiwe la maabara ama zimebaki moja moja, ama hazipo kabisa, na mitambo ya mionzi huliona jambo hilo dhahiri. Mengine, yaliyotokana na mgandamizo, yana vipande vya chuma ndani yake, hata huvutwa na sumaku kali.

Bei ni kisa kingine. Kampuni ya De Beers yenyewe, iliyotajirika kwa migodi, ilianza mwaka 2018 kuuza za maabara kwa dola 800 kila karati, na tangu hapo bei za almasi hizo zimezidi kushuka, maana mtambo waweza kuongezwa na mgodi hauongezeki. Kwa maoni yangu, atakaye pete ya kuvaa hana sababu ya kuona haya kununua almasi ya maabara. Atakaye akiba, asiiguse. Naye muuzaji anayeificha asili ya almasi hiyo ndiye mghushi, si jiwe. Kwa hiyo mnunuzi na adai cheti, kisha aombe darubini ya sonara asome nambari ndogo iliyochorwa kwa leza ukingoni mwa jiwe, alinganishe nambari hiyo na ya cheti kabla ya kutoa fedha.