SHA: Kujisajili Si Kulipa, na Kulipa Si Kutibiwa

Nina kibanda cha M-Pesa hapa Likoni, si mbali na feri. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipoanza kazi, nimekuwa pia karani asiye na mshahara. Majirani huja na vitambulisho vyao, mimi nabonyeza *147#, naandika majina ya watoto, na ujumbe ukirudi huwa nawaambia, "Haya, umemaliza."

Mmoja wa niliowaambia hivyo ni mama muuza samaki anayelea wajukuu watatu. Miezi michache baadaye mjukuu wake mkubwa alianguka kutoka juu ya mkwaju akavunjika mguu. Hospitali walikompeleka ilimfunga mguu na kumpa dawa ya maumivu, kisha ikasema mfupa unahitaji upasuaji. Mama akatoa kitambulisho. Karani akatazama kompyuta akamwambia, "Mmesajiliwa, lakini hamjalipa."

Usiku ule alinipigia simu. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si uliniambia nimemaliza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwambia jambo ambalo hata mimi sikulielewa, na naona wengi wetu Likoni, Kisauni na Changamwe bado hatulielewi. Kwenye mikutano ya siasa upande mmoja unajivunia kwamba Wakenya zaidi ya milioni 20 wamesajiliwa. Upande wa pili unataja wagonjwa wanaorudishwa nyumbani. Ukisikiliza vizuri, wote wawili huenda wanasema kweli, maana kila mmoja anazungumzia mlango wake. SHA ina milango mitatu: kusajiliwa, kulipa na kutibiwa. Ukivuka wa kwanza hujavuka wa tatu.

Tulikotoka

Mjadala huu haukuanza na serikali hii. NHIF iliundwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi ilihudumia hasa watu wa mishahara. Mwaka 1989 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali za umma. Mwaka 2004 aliyekuwa Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alipeleka bungeni mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya. Bunge liliupitisha, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Hoja zilikuwa zile zile tunazozisikia leo: nani atalipa, pesa zitatosha, na kampuni za bima za kibinafsi zitabaki na nini. Mwaka 2013 ada za zahanati na vituo vya afya vya umma ziliondolewa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bila malipo.

Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya, na moja kati yazo ndiyo iliyoizika NHIF na kuizaa SHA. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema tatu kati ya sheria hizo zilikiuka Katiba, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na mwezi uliofuata SHA ikaanza. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba mambo haya yaliletwa mbio mbio, hilo lilifika hata mbele ya majaji.

Mlango wa kwanza: kusajiliwa

Kusajiliwa ni bure, na si kazi bure. Chini ya SHA kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, nao hujazwa na serikali. Huo ndio unaogharamia matibabu katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Mtu wa Mtongwe mwenye homa, au mama wa Kisauni aliyempeleka mtoto kituo cha Mlaleo, anapaswa kutibiwa pale kwa kusajiliwa tu, hata kama hajachanga senti.

Mfuko wa pili ni ule wa bima yenyewe, unaotokana na michango yetu. Huo ndio unaolipa ukilazwa au ukifanyiwa upasuaji katika hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu, kama ile ya Likoni, ya Port Reitz kule Changamwe, au hospitali kuu ya Pwani kisiwani. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu au mahututi. Huo huingia pale mtu anapopata ajali, au bima yake inapofikia kikomo na bado anaumwa.

Mjukuu wa yule mama alipitia mifuko hiyo bila bibi yake kujua. Kufungwa mguu kulikuwa dharura, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini kitanda na upasuaji vilikuwa vya mfuko wa pili. Hapo ndipo alipokwama.

Mlango wa pili: kulipa

Sheria inataka asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwajiriwa hesabu ni rahisi, kwa kuwa mwajiri hukata. Kibarua wa kiwandani Changamwe anayepata 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF; sasa anakatwa 550. Wa 30,000 alikatwa 900; sasa ni 825. Mambo hugeuka kuanzia kama 40,000: alikatwa 1,000, sasa 1,100. Wa 100,000 ametoka 1,700 hadi 2,750, wala hakuna kikomo. Anayesema SHA imempunguzia mzigo na anayesema imemwongezea wanaweza kuwa wanafanya kazi katika jengo moja.

Kwa muuza samaki, mwenye tuktuk au fundi wa viatu mambo ni mengine. NHIF ilimtoza 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka, lakini alilipa kila mwezi. SHA humuuliza maswali: nyumba yako imejengwa kwa nini, unapikia nini, mko wangapi. Majibu yakishapimwa anapewa kiwango chake, nacho hulipwa cha mwaka mzima kwa mpigo. Anayepata kiwango cha chini hulipa 3,600. Ukitazama karatasi utasema SHA ni nafuu kuliko NHIF. Ukitazama mfuko wa mtu anayehesabu pesa zake kila jioni, utaona kwamba 500 kila mwezi inawezekana na 3,600 siku moja haiwezekani.

Nyumba ya yule mama ilipimwa ikaambiwa ilipe 410 kwa mwezi. Mara 12 ni shilingi 4,920, na alizihitaji kesho yake asubuhi.

Serikali imeliona tatizo hili. Mwaka 2025 ilianzisha Lipa SHA Pole Pole, mpango wa mkopo unaomwezesha mtu kulipa mchango wake kidogo kidogo. Mwaka huo huo ilitangaza kwamba italipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Ni hatua njema. Hata hivyo, hadi leo wanaolipa ni wachache mno wakilinganishwa na waliosajiliwa, na bima isiyochangiwa na wazima haiwezi kuwatibu wagonjwa kwa muda mrefu.

Mlango wa tatu: kutibiwa

Tuseme umelipa. SHA imeweka viwango vya kulipa hospitali: kujifungua kwa kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000, kusafishwa damu kwa mgonjwa wa figo 10,650 kila mara. Hospitali hukutibu kwanza, kisha hudai. Pesa zikichelewa, hasa ile ya kibinafsi yenye kulipa kodi ya jengo na mishahara, huanza kukuomba taslimu.

NHIF ilikufa ikiwa na madeni ya mabilioni. Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo chini ya chama cha RUPHA zilisitisha huduma kwa kadi ya SHA zikidai zilipwe. Mwezi uliofuata Rais alitangaza kwamba zinazodai shilingi milioni 10 au chini zitalipwa zote, na zinazodai zaidi zikaguliwe kwanza. Ukaguzi una sababu, kwa maana kuna waliodai pesa za wagonjwa hewa. Lakini mwezi huo huo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, alionyesha kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali. Hapo mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini ukali wote unaishia kwenye dai la hospitali ndogo ya mtaani.

Je, kadi ya kibinafsi?

Vijana wenye kazi bandarini huniuliza, "Kaka, mimi nina bima ya kampuni. SHA ya nini?" Jibu la kwanza ni kwamba sheria haikupi hiari, utakatwa tu. Marekani, katika sheria yao ya mwaka 2010 ya wakati wa Obama, waliziacha kampuni za kibinafsi ziendelee kuuza bima na serikali ikawasaidia wengi kuinunua. Sisi tumeweka mfuko wa serikali kuwa wa lazima, na bima ya kibinafsi ni nyongeza.

Jibu la pili ni kwamba kadi hiyo ni nzuri, lakini isome. Nyingi zina kikomo cha mwaka. Nyingi hukungojesha miezi kadhaa kabla ya kulipia uzazi au ugonjwa uliokuwa nao. Nyingi huitumia SHA kwanza, kisha zikajazia. Na ile ya kazini huisha siku kazi inapoisha. Walimu wanalijua hilo: walikuwa na bima yao kupitia kampuni ya kibinafsi, na Disemba 2025 wakahamishiwa SHA.

Jibu la tatu ni la hapa bara. Ukiwa na kadi ya dhahabu na mkeo amezidiwa Likoni usiku wa manane, ataanzia hospitali ile ile ya jirani yako, au atangoje feri. Kwa hiyo hata mwenye bima ya kibinafsi ana haja hospitali ya umma ya karibu naye iwe na damu, dawa na daktari.

Ninachowaambia sasa

Yule kijana alipasuliwa. Wenzake bibi yake kwenye chama walichanga, nami nikatoa fungu langu kwa sababu deni lilikuwa langu pia. Sasa anatembea.

Siku hizi mtu akija kibandani simwambii amemaliza. Namwambia amefungua mlango wa kwanza, kwa hivyo zahanati aende bila hofu. Namwonyesha kiwango chake na kumshauri aanze kukiweka kando akiwa mzima, kwa sababu siku ya kuugua haina muda wa mchango.

Na wanasiasa watakuja, maana 2027 si mbali. Wakitutajia waliosajiliwa, tuwashukuru, kisha tuwaulize mambo mawili: katika eneo bunge letu ni wangapi waliolipa, na hospitali yetu hungoja siku ngapi kulipwa baada ya kututibu? Atakayekuja na majibu hayo mawili, huyo tumpe kiti tumsikilize.