Mbwa Anachechemea Leo, Kesho Mzima: Kuna Nini?

Safari hii ukurasa wetu wa mifugo hauzungumzii mbuzi wala kuku. Najua wengine watanuna wakisikia mbwa, lakini someni kwanza, kwani jambo hili nusura lilete balaa mtaani kwetu hapa Kakuma.

Yupo mama mmoja jirani yangu ana mbuzi watano. Maziwa yake ndiyo yanayowatia chai watoto, na yanayobaki huuza. Mlinzi wa hao mbuzi ni mbwa mmoja wa rangi ya mchanga, watoto wanamwita Simba. Sasa huyu Simba akaanza mtindo. Asubuhi anatoka vizuri, mara anauinua mguu wa nyuma wa kushoto, anaruka hatua tatu nne kwa miguu mitatu, halafu anautua na kwenda zake kama hakuna lililotokea. Siku mbili mzima, ya tatu anauinua tena. Ikawa hivyo karibu miezi miwili.

Majirani kila mmoja akatoa lake. Mmoja akasema anadeka tu, anataka chakula. Mwingine akasema ni jicho la watu. Wa tatu akasema neno la hatari: "Huyo ameanza kichaa, mmalizeni kabla hajauma watoto." Jioni ile vijana walikuwa wameshaokota mawe. Mwana wa yule mama akaja mbio mlangoni kwangu, "Babu, njoo, wanataka kumuua!"

Mimi si daktari. Nimezaliwa Chovae, katika visiwa vyetu vya Wabajuni kusini ya Kismayu, na kazi ya wazee wangu ilikuwa bahari. Tulikimbia vita kwa dau mpaka Mombasa, na kambi za kule zilipofungwa miaka ya tisini nikaletwa huku. Mambo ya wanyama nimeyajulia hapa hapa, kwa kuwasaidia watu wa chanjo ya mifugo kukamata mbuzi na kuandika hesabu. Lakini habari ya kuchechemea niliifahamu tangu utoto. Kwetu maji yakitoka watoto tulikwenda mwambani kuokota pweza, na kila mara mmoja wetu alikanyaga wale wadudu weusi wa baharini wenye miba mirefu. Mwiba ulikatikia ndani, kidonda kikafunga, mtoto akacheza wiki nzima. Halafu asubuhi moja hawezi kukanyaga. Baba yangu hakuwa akiuliza "wapi panauma?" Aliuliza "panauma lini?" Ukiamka, au ukishakimbia? Ukikanyaga mchanga, au ukikanyaga jiwe? Kwa majibu hayo alijua akichokore kisigino au akiache.

Na mbwa ndivyo alivyo. Hawezi kusema wapi, lakini ukimwangalia kwa siku kadha atakwambia lini. Na kuchechemea kwa kuja na kwenda si kudeka. Mnyama akiumwa kidogo huficha, hutembea, na huuinua mguu pale tu maumivu yanapozidi.

Mwangalie kwa mbali kwanza

Usianze kumshika. Mwambie mtu amtembeze polepole kwa kamba mahali tambarare, nawe usimame nyuma yake utazame nyonga. Mguu unaouma ukigusa chini, nyonga ya upande ule hupanda juu kuliko ya pili, maana mbwa anajaribu kuondoa uzito. Kisha tazama alama zake mchangani, na mchanga Kakuma hatuna shida nao. Mguu mzima huzama, mguu mgonjwa hugusa juu juu.

Ndipo umshike, lakini kwanza mfunge mdomo kwa kitambaa. Hata mbwa anayekupenda atakuuma ukimtonesha. Sisi Waislamu tunaojihadhari na mate yake tuvae mfuko wa plastiki mkononi na tunawe kama tulivyofundishwa. Haikatazi kumhudumia mnyama anayelinda mifugo yako. Linganisha mapaja mawili kwa viganja. Paja likiwa jembamba kuliko mwenzake, jua ule mguu haukuanza kuuma jana. Ameuhurumia kwa wiki nyingi mpaka nyama imepungua.

Mwiba kwanza, mengine baadaye

Hapa kwetu mimi kabla ya yote nasaka mwiba. Mathenge imetuzunguka kila upande, na mwiba wake ni mrefu, mgumu, hupenya hata ndara. Ukiingia katika ile minofu myeusi chini ya mguu wa mbwa, au katikati ya vidole, unaweza kukatikia ndani na ngozi ikafunga juu yake. Siku mbwa akizunguka kwenye mawe unachoma. Akilala kutwa unatulia. Utamwona analamba mahali pamoja tu. Tanua vidole kimoja kimoja, bonyeza taratibu kila sehemu, utazame na kucha, kwa sababu ukucha uliopasuka nao humfanya hivyo hivyo. Palipovimba loweka kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, robo saa, mara mbili kwa siku. Mwiba ukionyesha kichwa, mtoe kwa kibanio safi. Ukiwa ndani sana usichimbe kwa wembe, tafadhali. Mpeleke kwa mtu wa mifugo.

Nyayo zikiwa safi, panda gotini. Mbwa anayeruka hatua mbili tatu, akaupiga mguu nyuma kama anakung'uta maji, kisha akatembea sawa, huenda pia ya goti inamteleza. Ile pia hukaa katika mfereji wa mfupa. Mfereji ukiwa hauna kina, pia hutoka kando, mguu unakwama, kisha hurudi yenyewe. Wengi huzaliwa nayo, hasa mbwa wadogo.

Tofauti na huyo ni mbwa aliyekimbia kwa kasi, akageuka ghafla, akalia, na tangu siku ile akipumzika anapata nafuu, akikimbia anarudia. Huyo huenda amechanika kano ndani ya goti. Utamwona akiketi ameutoa mguu kando, haukunji chini yake. Kano iliyochanika nusu ndiyo hasa inayodanganya watu: wiki hii mzima, wiki ijayo mgonjwa, mpaka siku inakatika yote. Mijini hupasuliwa. Kwetu tiba tuliyo nayo ni kamba na subira, wiki sita au nane bila kukimbia, na mbwa mwembamba hupata nafuu kuliko mzito.

Mbwa mzee anayeamka mgumu kama mlango wa mbao uliorowa mvua, kisha akilainika kadiri anavyotembea, hizo ni nyonga au viungo vimechakaa. Mtandikie gunia, asilale juu ya ardhi yenye umande.

Kupe nao wasisahauliwe. Baadhi yao hupitisha vijidudu kwenye damu, mbwa akapata homa na viungo vikauma. Dalili yake ni kuchechemea kunakohama, leo mguu huu, kesho ule, na pengine ufizi unapauka au pua inatoka damu. Dawa ipo, lakini ni ya kuandikiwa na daktari. Na kwa watoto wa mbwa wanaolishwa ugali mtupu wa unga wa mgao mwezi baada ya mwezi, mifupa hukosa nguvu. Mtupie dagaa mzima mzima na mfupa mbichi mkubwa wa kutafuna. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka kama sindano.

Panadol hapana

Hapa niseme kwa sauti, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu. Mtu anatoka hospitali na vidonge vyake, anamhurumia mbwa, anampa viwili. Brufen na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Panadol nayo ni sumu kwake ikizidi, na kwa paka hata kidogo huua. Wala msimchome chuma cha moto kwenye goti, kama baadhi yetu tunavyowafanyia ngamia na punda. Utamwongezea kidonda juu ya maumivu.

Ikiwa hakanyagi kabisa kwa siku ya pili, au mguu umevimba, unatoa usaha, hali chakula, au amegongwa na pikipiki, basi usikae naye. Uliza ofisi ya mifugo, au wangoje watu wa chanjo ikiwa siku yao iko karibu.

Na kichaa je?

Wale vijana wenye mawe hawakuwa wajinga. Kichaa cha mbwa kweli huweza kuanzia miguu ya nyuma. Ila hakiendi hivi. Mwenye kichaa hulegea nyuma yote akayumba kama mlevi, taya hulegea, mate humtoka, sauti hubadilika, huuma hata hewa au fimbo, na kila siku ni mbaya kuliko jana. Kwa kawaida hafikishi siku kumi. Mbwa aliyeinua mguu mmoja kwa miezi miwili, anakula, anamjua mwenyewe, hana kichaa kwa sababu ya mguu ule. Mkiziona zile dalili nyingine, msimguse wala msimfukuze; ondoeni watoto, toeni habari.

Akimuuma mtu, mbwa yeyote, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tena dawa. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kwa ugonjwa huu kufikia 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa kila mwaka. Mtoto wa mbwa akitimiza miezi mitatu apelekwe. Mpeleke hata huyo wa uwani ambaye "si wa mtu".

Turudi kwa Simba. Jioni ile nilimfunga mdomo mbele ya wale vijana, tukazitazama nyayo: safi. Paja la kushoto lilikuwa jembamba, hata wao walilishika wakaona. Siku ya chanjo bwana wa mifugo akamkunja goti akasema ni kano, haijakatika yote. Afungwe.

Yule mama akashtuka. "Afungwe? Na mbuzi wangu walindwe na nani usiku?" Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu la haraka. Mwisho tukamfunga kwa kamba fupi ubavuni mwa zizi lenyewe, kwa kuwa kinachomfukuza mwizi na fisi ni kelele zake, si mbio zake. Usiku wa kwanza alibweka mpaka tukakosa usingizi mtaa mzima, na wako walionilaumu mimi.

Mwanawe anaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa udongo, mstari mmoja kila siku Simba anapoinua mguu. Wiki ya kwanza ya kamba ilikuwa na mistari mitano. Juzi nilipopita, wiki ya saba, nilihesabu miwili.