Mrija Kooni mwa Panya

Dohani ya kampuni ya madini ya Gécamines huonekana kutoka karibu kila pembe ya Lubumbashi, Kongo, na kando yake ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru. Vumbi la hapa lina shaba na kobalti. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza, na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga, eneo lenye mji huu. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini na viwandani walikutwa na kobalti nyingi mno, na watoto waliwazidi watu wazima.

Lakini mkojo hausemi madini yanalifanyia nini pafu. Hilo huulizwa panya wadogo wa maabara, kwa mrija unaopitishwa kooni, nako kunataka mkono mwepesi: panya ana gramu 25 hivi, na njia yake ya hewa ina upana wa milimita moja na ushei.

Kwa njia ya zamani hupasuliwa shingo, akapimwa pumzi mara moja, basi. Kwa njia mpya hupewa nusukaputi, akaning'inizwa kwa meno ya mbele kwenye ubao ulioinamishwa. Taa kali humulika shingo kwa nje. Mtafiti huvuta ulimi pembeni kwa kibano na kuchungulia: katikati ya wekundu kuna kitundu chenye mwanga, kinachofumba na kufumbua kwa kila pumzi. Ni mwanya kati ya nyuzi za sauti. Zikifunguka tu, hupenyeza kanula laini, ileile ya kuwekea dripu. Akikosea, inaingia kwenye umio. Kwa hiyo huunganisha mrija wenye tone la maji. Tone likicheza kwa kufuata pumzi, amefika.

Kwa kuwa hakuna kidonda, panya yuleyule hupimwa tena wiki zijazo, kovu la pafu likifuatwa linavyokua. Wanyama wachache hutosha, jambo ambalo wanasayansi Russell na Burch walilidai tangu 1959.

Vumbi lenyewe pia hupitishwa katika mrija huo, likiwa ndani ya maji ya chumvi. Hapo ninasita. Panya hupokea kwa mkupuo kile ambacho mama anayefagia ua mwezi Agosti hukivuta kidogo kidogo, miaka nenda rudi. Kwa swali la saratani, watafiti wa Marekani waliuacha mrija: waliwaweka panya katika vyumba vyenye hewa ya kobalti, saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa miaka 2. Ripoti yao ya 2014 ilieleza uvimbe wa saratani mapafuni, kwa madume na majike.