Gari la mtu wa kisiwani hulala ng'ambo: niliyojifunza nikinunua gari kuukuu Lamu

Watu wa Lamu tuna swali moja tunalomuuliza yeyote anayesema amenunua gari: "Utaliendesha wapi?" Swali ni la mzaha, lakini lina haki yake. Katika vichochoro vya mji wetu wa kale, punda wawili wenye mizigo hawapishani ila mmoja asimame, seuze gari. Magari yaliyoko kisiwani ni ya kuhesabu. Anayetaka gari huliacha Mokowe, bara, kisha akavuka kwa boti.

Hata hivyo mimi nilinunua, na tangu hapo haipiti wiki ila mtu ananisimamisha barazani akitaka nimweleze nilivyofanya na nilivyonusurika. Nimeona bora niandike mara moja, kila mtu asome.

Kilichonisukuma ni mama yangu. Magoti yamemwisha, na kliniki yake iko Mombasa. Kwa basi ni saa sita au saba toka Mokowe, na basi halisimami kila mzee anapotaka kunyoosha miguu. Safari moja alishuka Mombasa miguu imevimba, akaniambia, "Mwanangu, taabu yote hii ya nini? Acheni tu." Hiyo "acheni tu" ndiyo iliyonitoa usingizini. Ndugu zangu wawili wakachanga, mimi nikatoa akiba yangu, na mke wangu akatoa bangili zake mbili za dhahabu zikauzwa. Nalitaja hili ili msomaji ajue kuwa pesa zile hazikuwa za kuchezea.

Kabla ya kuchagua gari, chagua litakapolala

Wengi wetu huanza na aina ya gari na rangi yake. Mtu wa kisiwani anapaswa kuanza na mahali pa kuliweka. Mkazi wa Malindi akisikia mvua usiku hutoka nje kutazama kama amefunga vioo. Wewe kati yako na gari kuna bahari. Litalala ng'ambo siku ishirini na zaidi kila mwezi bila wewe kuliona, na likiwekwa pale jetini litapigwa na upepo wa chumvi, uwe wa kusi au wa kaskazi.

Mimi nilipata uga wa jamaa, mbali kidogo na ufuo, wenye banda la makuti. Nalipa mahali, namlipa mlinzi, na nalipa nauli ya boti kila ninapovuka kwenda kulitazama. Yote hayo kabla sijatia lita moja ya petroli, na bima ya mwaka bado. Piga hesabu yako mapema, uiandike. Ukiona safari zako ni moja kwa miezi miwili, basi kodi gari la mtu siku ya safari na akiba yako ibaki benki. Hakuna aibu. Sisi tulikuwa na safari mbili kila mwezi, na mgonjwa asiyeweza basi, ndipo hesabu ikakubali.

Kwa nini gari dogo la kupanda

Barabara ya Garsen hadi Lamu kupitia Witu, kama kilomita 135, siku hizi ni lami. Gari la kawaida la chini linapita bila shida. Lakini ukiacha lami kuingia mashambani unakuta mchanga, na masika yakinyesha ni matope. Gari lenye kimo kidogo na nguvu ya magurudumu manne hukutoa hapo. Lisikudanganye lakini kwamba ni mashua. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilipofurisha maji ya Tana na barabara ikakatika pale Lango la Simba, hata malori yalisimama. Maji yakipita juu ya barabara, rudi.

Sababu yangu kubwa ilikuwa kiti. Gari la chini lingemlazimu mama akunje magoti akae kama anayechutama, na kutoka ni kuvutwa. Land Cruiser nayo ni kupanda ngazi. Gari dogo la kupanda, mfano wa Toyota RAV4 au Suzuki Escudo, kiti chake kiko usawa wa nyonga: anakaa, kisha anageuza miguu. Nikaegemea RAV4 kwa kuwa mafundi wengi wa upande wetu wanaijua, na kipuri kikikosekana Mokowe au Hindi kinatumwa kwa basi kutoka Malindi au Mombasa.

Kuagiza Japani au kununua lililoko nchini

Kuagiza kuna raha yake, kwa kuwa gari halijaonja mashimo yetu. Lakini sheria ya Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8 kuingia, na lazima likaguliwe huko huko kabla ya kupakiwa melini. Ushuru nao ni mzito. Ushuru wa forodha ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500 na asilimia 25 kwa injini nyingi za petroli zinazopita hapo, kisha VAT asilimia 16. Kila mmoja unapigwa juu ya jumla iliyotangulia, na bado kuna ada nyingine. Ndiyo maana gari linaloonekana rahisi kwenye intaneti likifika Kilindini huwa limekuwa gari jingine.

Mfuko wangu haukufika huko. Nikatafuta lililokwisha kuingia nchini. Hapo chunga jambo moja: herufi za namba zinaonyesha lilisajiliwa lini Kenya, si lilitengenezwa lini. Gari laweza kuwa na KD na likawa lilitimiza miaka saba kabla ya kuvuka bahari. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Kwenye magari mengi ya Japani kuna kibandiko chini kabisa chenye mwaka wa kutengenezwa. Tazama na tairi. Tarakimu nne za mwisho zilizo kwenye kiduara ubavuni ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi linaweza kuwa na nyuzi nzuri na likawa limezeeka.

Mtaka cha mvunguni

Gari la kwanza nililiona yadi moja Mombasa. Lilikuwa linang'aa hata najiona. Nilikuwa nimempeleka fundi ninayemwamini, kijana wa Hindi, na nililipa nauli yake na siku yake. Hakutazama bodi. Alitandika gunia chini akaingia mvunguni na tochi na bisibisi. Kule chini kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi, nzuri kama mpya. Akagonga chasisi, kisha akasukuma. Bisibisi ikazama.

"Hiyo ni kutu ya juu juu tu, boss," akasema muuzaji. Fundi hakumjibu. Alitoka, akajipangusa mikono, akaniambia, "Mzee, twende."

Njiani akanifunza jambo ambalo sikulijua. Huko Japani magari ya nguvu ya magurudumu manne hupendwa sana sehemu za kaskazini zenye theluji, kama Hokkaido. Barabara zao wakati wa baridi humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hukaa mvunguni ikila chuma kidogo kidogo. Kwa hiyo gari la namna tunayoitaka sisi ndilo lililo karibu zaidi kuwa limeanza kuliwa kabla halijafika kwetu, kisha tunalileta Mokowe liongezewe chumvi ya bahari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kama mgongo haukuruhusu, lipa wa kuinama. Beba na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe milangoni na juu ya magurudumu. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti.

Basi lako lisijulikane

Gari la pili lilikuwa zima. Fundi aliingia chini akatoka anacheka. Bei tukakubaliana. Saa kumi jioni muuzaji akasema kuna mteja anakuja kutoka Nairobi, hivyo nitoe arbuni ya laki moja sasa hivi, na logbuku tutaifuata kesho.

Hapa ndipo udhaifu wetu watu wa kisiwani ulipo, na niliuona mwenyewe. Asubuhi wakati wa mazungumzo nilikuwa nimemwambia natoka Lamu, na kwamba basi langu ni usiku. Alijua sitaki kurudi mikono mitupu na kulipa nauli tena. Aliyejua haraka yako ameshajua bei yako. Simu ilikuwa mkononi, namba nimeshaiandika.

Fundi ndiye aliyenishika mkono. "Tazama rekodi kwanza." Kwa akaunti ya eCitizen, kwenye huduma za NTSA, unaingiza namba ya gari, unalipa ada ndogo, na unapata jina la mwenye gari. Tulipata majina mawili: la mtu ambaye si yule tuliyekuwa tukizungumza naye, na la taasisi ya mikopo. Gari lilikuwa bado na deni. Jina la mkopeshaji likiwa humo, gari halihamishwi kwako mpaka amalizwe, na mwenye jina asipolipa, wanakuja kulichukua popote lilipo, hata ukiwa umelinunua kwa pesa taslimu. Nilipomwonyesha muuzaji, akasema hayo ni mambo madogo, yatasawazishwa. Nikamwambia yakishasawazishwa anipigie. Hakunipigia.

Nilipanda basi usiku ule bila gari, nikiwaza zile bangili. Zingekwenda kwa dakika moja, kwa kubonyeza namba ya siri. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la gari ni hiyo rekodi. Itazame wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo ya kulipa. Karatasi au picha ya simu unayoonyeshwa na muuzaji isikutoshe.

Lililokubali

La tatu nililipata Malindi, kwa mwalimu aliyekuwa akihama. RAV4 yenye mikwaruzo, kiti cha nyuma kimechanika, rangi imefifia juu. Lakini alikuwa na daftari la kila oili aliyobadilisha, na rekodi ilikuwa na jina lake peke yake. Safari hii nilipanga kulala Malindi siku mbili, na sikumwambia mtu nina basi la saa ngapi.

Tulikwenda alfajiri, injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyokwisha pashwa moto huficha kelele na moshi wake. Tukalipeleka barabarani nusu saa, gia zote, breki, usukani, AC. Tukangoja lipoe tukatazama kama limevujisha. Malipo tulifanya benki, na hapo hapo mwalimu akaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nami nikaukubali kwenye yangu, kila mmoja na kitambulisho na PIN yake ya KRA. Sikutoka Malindi kabla ya hapo.

Likishakuwa lako

Gari linalokaa huharibika kuliko linalotembea. Haya ndiyo ninayoyafanya:

Kila wiki linaendeshwa nusu saa. Kuwasha na kuliacha lingurume dakika tano hakuchaji betri, kunaidhoofisha. Nikijua sitavuka wiki mbili, naondoa waya wa hasi wa betri.

Siliachi na breki ya mkono, maana kwenye hewa ya chumvi hunata. Natia gia ya kuegesha na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Asubuhi diski zikiwa na kutu nyekundu, ni kawaida. Breki mbili tatu zinaisafisha.

Nafungua boneti kila safari kutazama panya, kwani banda la makuti ni lao pia, na nyaya wanazipenda.

Na kubwa kuliko yote, naliosha mvunguni kwa maji matamu. Vijana wa jetini hunicheka wakiniona na mitungi, maana maji yenyewe hununuliwa, na wao wamezoea kuosha pale panapoonekana. Nami huanzia chini.

Mama sasa huenda kliniki kwa wakati. Tunasimama Witu, tunasimama Gongoni, ananyoosha miguu, anasalimiana na watu, tunaendelea. Bangili za mke wangu sijazirudisha bado, na deni hilo nalijua liko kwangu.

Kwa hiyo ukininunulia kahawa barazani ukaniambia umepata gari zuri, sitakuuliza utaliendesha wapi. Nitakuuliza litalala wapi, nani ameingia mvunguni, na rekodi ina jina la nani. Ukiwa na majibu matatu, mabruki. Ukikosa moja, pesa yako ikae mfukoni.