Kwato za nzohe

Mwanasayansi anapoeleza spishi mpya, haorodheshi kila kitu. Hutafuta kile kinachoitenga na jamaa zake. Sisi wanaisimu hukiita sifa bainifu: /p/ ni sighuna, /b/ ni ghuna, mengine yote sawa. Nenda Saiwa karibu na Kitale, hifadhi iliyotengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe, aliyeelezwa kisayansi tangu 1863. Pongo naye yumo mle, tena pembe zake zimejipinda vilevile. Lakini kwato za nzohe, jameni! Ndefu, hutanuka asizame kinamasini. Sasa mwalimu wa Kitale au Bungoma akisema nzohe ni 'aina ya swala', basi, mtoto atamtambuaje? Kamusi nayo ikiacha kwato, imefasili nini?